Namna ya Kubadilisha Kila Kitu Isipokuwa Kinacholia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua pikipiki juzijuzi. Leseni ipo, helmeti ipo, hata kava la siti lenye nembo ya timu lipo, ila kila anapokatiza Makanyagio, hapa mjini Mpanda, tairi moja linalia kwii, kwii, kwii, na watoto wameshaanza kumuitikia. Kama wewe ni fundi, ishia hapa. Yaliyomo yatakuudhi, na mengine yatakupunguzia wateja.

Hatua ya kwanza ni kukana. Siku ya kwanza sema ni vumbi. Ni jibu salama, kwa sababu kuanzia Juni hadi Oktoba karibu kila kitu Katavi ni vumbi na hakuna atakayekubishia. Siku ya pili sema ni pikipiki ya jirani. Ukiwa karibu na stesheni unaweza hata kulisingizia treni: reli ya kutoka Kaliua imekuwa ikipiga kelele zake hapa tangu mwaka 1950, ilipoletwa kufuata madini ya risasi ya Mukwamba, na haijawahi kumfungulia mtu kesi ya kusingiziwa. Tatizo la utetezi huu ni moja tu. Treni haiji kila siku, kwii yako inakuja.

Kukana kukishindikana, ipeleke kijiweni. Usiizime mbali, ingia nayo ikilia ili kila aliyepo apate haki yake ya kutoa maoni. Mpanda haina uhaba wa wataalamu, na uchunguzi wao una uzuri wa pekee: unafanyika bila mtu yeyote kuinama. Wa kwanza, akiwa amejilaza juu ya tanki la pikipiki yake, atasema, "Beringi hiyo." Hajaangalia. Hana haja ya kuangalia, kwani kwake yeye kila kitu ni beringi. Hata jino likimuuma ni beringi. Wa pili atasema cheni. Wa tatu, mtu mzima kidogo, atauliza ulinunua wapi, na ukishamtajia atatikisa kichwa kwa huzuni bila kueleza zaidi. Na hakosekani mmoja aliyeshuka kutoka Mishamo na mzigo wa mahindi, atakayekuambia kuwa ya kwake imelia hivyo tangu masika ya mwaka juzi na bado inabeba. Huyo msikilize kwa heshima, ila akikualika mwongozane hadi Mwese, mwambie una msiba. Kule kuna milima.

Wa kumwogopa hasa ni kijana mmoja, kwa kawaida mdogo kuliko wote pale, anayeendesha pikipiki ya bosi na hajamaliza hesabu ya leo. Huyu atauliza: "Samahani kaka, inalia ukikanyaga breki au ukiachia?"

Swali la namna hii linaweza kuvunja kikao kizima.

"Dogo, acha watu wazima waongee," watamwambia wenzake. Nawe mnyamazishe. Watu wameacha abiria kwa ajili yako, si vizuri jambo likaisha mapema.

Hatua inayofuata ni kununua. Spea hununuliwa kwa mpangilio wa bei, si wa dalili. Anza na beringi za mbele na za nyuma, kwa sababu yule wa kwanza alisema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Halafu cheni pamoja na sproketi zake mbili. Halafu tairi lenyewe, kwa hoja kwamba ndilo linalozunguka. Baada ya kila spea, panda, nenda hadi Nsemulwa, geuza, usikilize. Kwii. Rudi dukani. Ukiwa mvumilivu, baada ya muda si mrefu utakuwa na pikipiki mpya kabisa inayolia kwa sauti ileile ya zamani, na fundi anayekuita bosi mbele za watu.

Ukianza kukata tamaa, jifariji kwa historia. Njia za upande huu zimewahi kuwashinda wakubwa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne waliofunzwa kazi, wakaletwa kutoka India na kuongozwa kwa miguu kutoka pwani kuelekea Karema, ili ijulikane kama tembo anaweza kushika nafasi ya wapagazi. Ni mmoja tu aliyefika Ziwa Tanganyika. Mkuu wa msafara ule, Kapteni Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka uliofuata, akiwa katika safari ya kurudi pwani. Tembo hana beringi, hana cheni, hana breki ya kurekebisha, na bado mradi ulikufa. Wewe una kwii tu.

Sasa, wapo watu wachache, wasioeleweka sana mtaani, wanaotaka kujua kinacholia kabla ya kufungua pochi. Kwao ipo njia nyingine. Haina gharama, ndiyo maana hakuna anayeipigia debe.

Zima injini. Pikipiki ikiwa imesimama palepale, kaa juu ya siti, kandamiza, achia, kandamiza tena. Ikilia wakati tairi halijazunguka hata kidogo, tairi halina kosa. Ni shokapu, au bushi zake, au siti, au ile keria uliyochomelewa ili ibebe lumbesa mbili za mpunga. Wapo waliobadilisha beringi mara mbili kwa kosa la keria, na keria ikaendelea kuimba.

Ikinyamaza, weka nyutro na uisukume ukihesabu hatua zako. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo majirani watakapouliza kwa nini unaiswaga pikipiki kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani huku ukihesabu kwa sauti. Wajibu baadaye. Tairi la inchi 17 au 18, ambalo ndilo lililopo kwenye boda nyingi, likizunguka mara moja linasogea kati ya mita 1.8 na 1.9. Kwa mtu wa miguu ya kawaida hizo ni hatua mbili na nusu. Ukisikia kwii moja kwa kila hatua mbili au tatu, basi kuna sehemu moja ya tairi inayogusa kitu kila inapopita: mtungi wa breki uliopoteza uduara, diski iliyopinda, rimu lililoyumba na kubusu madigadi, au kijiwe kilichonasa kwenye meno ya tairi. Kelele ikija kwa nafasi ndefu zaidi ya hapo, iache tairi, ikamate cheni. Cheni ya boda humaliza mzunguko wake mmoja wakati tairi limeshazunguka karibu mara tatu, kwa hiyo pingili chache zilizoliwa na kutu hujitangaza kwa nadra. Na kama haina mapumziko, ni nyiii moja ndefu inayopanda kadiri unavyoongeza mwendo, tafuta kitu kinachosuguana muda wote: beringi iliyokauka, sili ya mpira isiyo na grisi, cheni iliyokauka yote, au breki isiyoachia.

Hesabu hiyo haihitaji spana hata moja. Kijiweni usiiseme, utaonekana umesoma.

Hakikisha pia mwenye kusikiliza si wewe peke yako. Sauti hupanda kwenye chasisi, na mtu aliye juu ya siti, amevaa helmeti, upepo masikioni, anaweza kuisikia mbele kelele inayotoka nyuma. Mpe mtu atembee pembeni yako, ainame, asikilize upande wa kushoto kisha wa kulia. Asiwe yule wa beringi.

Baada ya hapo iweke kwenye stendi kubwa, uzungushe tairi la nyuma kwa mkono. Kwa mkono, narudia. Kuna mtindo wa kuwasha injini, kuingiza gia, na kuacha tairi lijizungushe huku mwenye chombo akifuta cheni kwa kitambaa. Kitambaa kikivutwa kwenye sproketi, vidole vinakifuata, na hakuna duka Mpanda linalouza vidole. Tairi zima husukumwa mara moja likazunguka mara kadhaa kabla ya kusimama. Likigoma baada ya robo mzunguko, limeshikwa na kitu. Sasa kanyaga breki kidogo sana huku linazunguka: kelele ikibadilika, ikaongezeka au ikapotea, umempata mshtakiwa, na yule dogo alikuwa sahihi.

Kwenye breki tukae kidogo, kwa sababu nyingi ya kwii za mji huu zinatoka huko. Breki ya nyuma ya boda nyingi, na ya mbele kwa zile zisizo na diski, imefichwa ndani ya habu, ule mtungi wa katikati ya rimu. Ndani yake kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, breki shuu, ambavyo hutanuka na kubana ukuta wa mtungi. Mfuniko wake haukutengenezwa kwa kufikiria vumbi la barabara ya Karema. Likishaingia halina pa kutokea. Linasagika pamoja na unga wa breki zenyewe, linaganda, na kuusugua uso wa breki shuu mpaka unang'aa. Uso uliong'aa haubani sawasawa. Unashika na kuachia, unashika na kuachia, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na mtetemo huo ndio unaoamsha watoto wa Makanyagio.

Tiba zipo mbili. Ya kwanza inajulikana kila kijiwe, haimalizi dakika tano, na haijawahi kushindwa: chukua oili chafu, dondoshea ndani ya mtungi wa breki. Kelele itakoma papo hapo. Breki nayo itakoma. Mjini, kwenye ardhi iliyotulia, mtu anaweza kwenda siku kadhaa bila kugundua alichobadilishana. Atagundua siku anayorudi kutoka Kizi, anaushuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa akiwa amebeba mshikaki, abiria wawili na begi, pikipiki ikiwa kimya kabisa. Ni kimya kizuri sana. Kitamwezesha kuwasikia abiria wakisali.

Tiba ya pili ni ya polepole. Fungua tairi, toa mfuniko na breki zake, futa unga wote kwa kitambaa kilicholowa. Usipulize kwa mdomo, ingawa kila fundi uliyemwona anapuliza: breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo nayo, ule unga si kitu cha kupeleka kwenye mapafu. Uso uliong'aa usugue kwa msasa mpaka upoteze mng'ao. Kisha angalia kile kipini kinachotanua breki shuu ukikanyaga. Kikikauka hakirudi mahali pake, na breki inabaki imebana hata ukiondoa mguu. Dalili yake ni habu kuwa ya moto baada ya mwendo mfupi usiotumia breki. Iguse kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kipini hicho kinataka grisi ndogo tu, ya ncha ya kijiti, iliyowekwa mbali na breki shuu. Ukiweka nyingi umerudi kwenye tiba ya kwanza.

Nje ya mfuniko, pale mkono wa breki ulipofungwa, pikipiki nyingi zina mshale mdogo na alama pembeni yake. Ukikanyaga breki na mshale ukaivuka alama, breki shuu zimekwisha. Hapo nunua, na kwa mara ya kwanza utakuwa umenunua spea inayohusika. Ukirudisha, rekebisha nati ya fimbo ya breki mpaka tairi lizunguke huru na pedali iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 kabla ya kubana. Wapo wanaokaza mpaka mchezo wote uishe ili breki iwe "kali". Breki yao kweli ni kali. Inabana hata wakati wa kuongeza mafuta.

Beringi husingiziwa mno, lakini nayo si malaika. Shika tairi juu na chini, litikise. Kisha mbele na nyuma. Likicheza na kugonga, beringi imelegea. Toa tairi, ingiza kidole kwenye tundu la beringi, zungusha: nzima huteleza kimyakimya, mbovu utaisikia ikisaga mchanga. Kwa kawaida inayokufa huanza kwa kunguruma. Inayolia kwii ni ile iliyopoteza grisi, na grisi hupotea huku kwetu kwa njia mbili: matope ya majaruba ya Mwamkulu na Kakese, na kijana wa kuosha pikipiki anayeelekeza maji ya presha katikati ya habu kwa sababu pale ndipo tope lilipojazana. Ametumwa kuosha, ameosha.

Ukienda kununua, usiombe "ya mbele ya Boxer". Ubavuni mwa beringi kuna namba. 6301 maana yake ni tundu la milimita 12, upana wa nje 37, unene 12. 6302 ni 15, 42 na 13. Namba hizo hazibadiliki, iwe imetengenezwa Japani, India au China, na muuzaji akikuambia "hii inaingia tu" muulize inaingia kwa nyundo ya kilo ngapi. Soma pia herufi zinazofuata namba. ZZ imefunikwa kwa bati pande zote mbili. 2RS imefunikwa kwa mpira. Kwa nchi ya vumbi miezi sita na tope miezi sita, chukua ya mpira.

Halafu kuna siri ambayo imewalisha mafundi wengi. Katikati ya beringi mbili, ndani ya habu, hukaa bomba fupi la chuma, wengine huliita bushi ya kati. Kazi yake ni kuzuia beringi zisibanane ukikaza ekseli. Halionekani kwa nje, na likidondoka mchangani wakati wa kufungua hakuna anayelikumbuka. Ukifunga bila hilo, nati ya ekseli itavisukuma vikombe vya ndani vielekeane, gololi zitabanwa upande, na beringi mpya ya asubuhi itaanza kulia jioni. Fundi atasema spea za siku hizi feki. Pengine ni kweli. Pengine bomba liko chini ya benchi lake, limeshageuzwa kitu cha kunyooshea misumari.

Mengine nayapita haraka. Gia ndogo ya spidi iliyo kwenye habu ya mbele hulia ikikauka, na inaendelea kuzunguka hata kama waya wa spidi ulikatika zamani na mshale umelala kwenye sifuri tangu siku uliyoinunua. Haikupi habari yoyote ya mwendo, inakupa kelele tu, ipake grisi. Spoku zigonge moja moja kwa spana: iliyokaza inatoa mlio, iliyolegea inatoa kishindo. Cheni iliyokauka isafishe kwa mafuta ya taa, ifute, ndipo uipake oili kidogo. Ukimwaga oili juu ya vumbi umetengeneza msasa wa maji. Na kama pikipiki hulia ikiwa na mzigo tu, usiichunguze ikiwa tupu. Funga lumbesa ile ile, ndipo usikilize tairi linavyokutana na madigadi.

Neno kuhusu mahali. Uchunguzi huu usiufanye kwenye kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, ilitangazwa mwaka 1974, na wenyeji wake wasio na subira kuliko wote si simba, ni mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, hupenda rangi nyeusi na ya buluu, na pikipiki yako yenye siti nyeusi imewakusanya tangu kilomita kadhaa nyuma. Ukisimama na kuinama kusikiliza habu, wote watafika pamoja kukusaidia. Darajani Sitalike nako si gereji. Kiangazi Mto Katuma unapokauka, viboko hujazana kwenye tope lililobaki, na hakuna kumbukumbu ya kiboko aliyewahi kutambua beringi. Vumilia kwii mpaka mjini.

Ukishamaliza, pitisha ekseli, hakikisha alama za kukazia cheni ziko sawa kushoto na kulia, kaza nati, rudisha pini yake, na ujaribu breki kwa mwendo wa miguu kabla ya kuingia barabarani. Abiria wa kwanza asiwe mama mkwe. Kisha tazama chini. Ikiwa kila kitu kimefungwa na bado kuna washa moja imebaki mchangani, usiipige teke, usiitie mfukoni, na usimsikilize fundi anayesema kiwanda huweka ya akiba. Fungua tena.